Papa wa Sono na Kisanduku Changu

Yule mwanamume nilimchukia kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya paa la kanisa la Wakongo, Malvern, karibu na barabara ya Jules, nikikaza skrubu ya mwisho ya kisanduku changu. Akapanda ngazi ya chuma na sare yake ya ulinzi, akasimama nyuma yangu, akaniuliza, "Dada, nani amekuambia uweke antena hapa?" Si habari ya asubuhi, si pole na kazi. Nikamjibu bila kugeuka kwamba wazee wa kanisa ndio walioniruhusu, na kama ana shida akawaulize wao.

"Miye ni mutu wa sono," akasema. "Vyombo vyote vya sauti viko kwa mikono yangu. Ulipaswa kuniuliza na miye."

"Basi nimekuuliza. Nishikie huu waya."

Akaushika. Akaiangalia ncha yake, akasema kiungo hakijakaa vizuri, maji ya mvua yataingia. Nikakivuta mbele yake nimwonyeshe kwamba kimekaa, na kikanitoka mkononi. Hakucheka, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi. Angecheka ningepata la kumwambia.

Mwaka huo ulikuwa 2015. Nilikuwa nimetoka Nairobi kuja kusomea udaktari wa uhandisi katika chuo kimoja cha Johannesburg, ninaishi chumba kimoja kwenye ghorofa za Joubert Park, na ufadhili wangu ulikuwa unaisha Novemba. Kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa kinaisha pamoja nao. Nilichokosa ni vipimo. Nilihitaji wiki kumi na mbili mfululizo za vipimo kutoka juu ya paa moja refu upande ule wa mji, na paa lililokubali kunipokea lilikuwa la Wakongo hawa waliogeuza ghala kuukuu kuwa kanisa. Walinikubali kwa sababu niliwaomba kwa Kiswahili. Mzee mmoja alinicheka, akasema Kiswahili changu ni cha kusoma habari, lakini mimi ni mtoto wa kwao, nipande tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hewani masafa yamegawiwa watu: televisheni wana yao, polisi wana yao, simu zina zao. Lakini mwenye masafa hayatumii kila saa na kila mahali, kwa hiyo mapengo yanabaki. Redio niliyotengeneza ilitakiwa kuwa na akili kidogo: isikilize kwanza, ikikuta pengo ipeleke ujumbe wake hapo, na mwenyewe akirudi iondoke mbio. Kisanduku cha kanisani kilikuwa kinapeleka nambari tupu kwa mwenzake aliyekuwa juu ya ghorofa moja mbali kidogo. Basi, hakuna zaidi. Tatizo ni kwamba kusikiliza kunakula betri. Ukisikiliza sana, betri inakufa. Ukisikiliza kidogo, unamkanyaga mtu. Tasnifu yangu yote, kurasa zote zile zilizoninyima usingizi, ilikuwa inajibu swali hilo moja: usikilize kiasi gani, usiishiwe nguvu na usimkanyage mwenzio?

Na Johannesburg ya mwaka huo ilinifaa, kwa sababu umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Mgao ukifika, kisanduku kilihamia kwenye betri, na nilikuwa nimekifundisha kubana matumizi: umeme ukiwepo sikiliza kila sekunde, umeme ukikatika sikiliza mara moja kwa robo saa, hasa kwenye zile chaneli ambazo tayari tunajua hazina mtu. Nilikuwa najivunia sana kipengele hicho.

Sasa huyu mtu. Watu walimwita papa wa sono, maana yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa vyombo vya sauti. Kwao Bukavu alikuwa fundi wa mitambo katika kituo cha redio. Hapa alikuwa mlinzi: siku sita za wiki alikuwa anafungua na kufunga geti la nyumba za watu. Jumapili alivaa koti la kijivu, akakaa nyuma ya meza ya vitufe, na hata mchungaji alikuwa anamwangalia yeye kwanza kabla ya kuanza kuhubiri. Mke wake alikuwa mshonaji, cherehani yake iko palepale Jules. Siku niliyokuja kuliangalia paa ndiye aliyenishikia ngazi, akaniambia bila hata kuulizwa, "Pale kwa meza, dada, ndiyo anakuwaka mutu." Siwezi kusema sikujua kwamba pale mezani ndipo anapokuwa mtu. Niliambiwa mapema na nikasikia vizuri.

Wiki ya tano akanipigia simu Jumatatu asubuhi. Jana yake umeme ulikatika saa nne, wakawasha jenereta inayolisha vyombo vya ukumbini tu, na maikrofoni zote zisizo na waya zikaanza kunguruma katikati ya mahubiri. Zilinguruma, zikanyamaza, zikanguruma tena.

"Dada, kisanduku yako iko naua mikro."

"Ati nini? Kwani kisanduku changu kinafanya kazi Jumapili tu, siku nyingine kinapumzika?"

"Ni Jumapili ya mbili sasa. Zote mbili umeme ulikuwa umekatika."

"Basi ni jenereta yenu, baba. Jenereta inatoa kelele za umeme. Hilo hata mtoto wa shule analijua."

"Jenereta tunatumiaka tangu mwaka jana. Haikutusumbuaka."

Nikamwambia nina kazi, nikakata. Mimi nina digrii mbili na ya tatu iko njiani, halafu mtu wa geti anipigie simu Jumatatu asubuhi kunifundisha masafa! Ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayohayo. Leo nikiyaandika naona aibu, ila siwezi kujitungia mawazo mengine mazuri zaidi.

Kesho yake alifanya kosa lake pekee. Alipanda juu ya paa akakizima. Niligundua Jumatano, nikiwa maabara, nambari hazifiki. Siku nzima ya vipimo imepotea! Nilichukua teksi, ndiyo matatu ya huko, mpaka Malvern nikiwa nasema peke yangu, abiria wa pembeni akajisogeza dirishani. Nikawasha kisanduku, nikashuka, nikaenda moja kwa moja kwa wazee wa kanisa kushtaki.

Walituita wote wawili alasiri ya siku hiyohiyo, katika kile chumba cha nyuma wanachohifadhia viti. Mchungaji alikuwepo, na wazee watatu. Papa wa sono alikuja amevaa sare, alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja kazini. Alisimama. Mimi nilikaa, nikafungua kompyuta juu ya magoti.

Nikawaonyesha mchoro. Mstari umelala chini toka mwanzo hadi mwisho, umenyooka. Nikawaambia kabla ya kuweka kisanduku nilipima masafa yale wiki tatu nzima na hakuna mtu anayeyatumia. Televisheni iliyo karibu iko kwenye chaneli nyingine kabisa. Nikasema kwa heshima yote, wazee wangu, papa alikuwa fundi mzuri wa enzi zake, lakini mambo yamebadilika. Nikasema nimeziona nyaya alizounga kwa mkono nyuma ya ile meza. Nikasema maikrofoni hizo zinahitaji mtu anayezielewa.

"Miye nasikia kwa masikio yangu," akasema.

"Masikio si kipimo, baba."

Mzee mmoja akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. Papa wa sono hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Ulipima siku gani?"

"Siku zote."

"Kila siku?"

"Kila siku," nikasema, na nikafunga kompyuta.

Hawakumfukuza. Wakongo wale walikuwa na adabu kuliko mimi. Mchungaji alimshukuru kwa utumishi wake, akamwambia kwa sauti ya upole, "Papa, upumzike kidogo. Tutamwomba kijana wa kwaya akae pale kwa muda." Papa wa sono akaitikia ndiyo. Akaenda ukumbini, akachukua hedifoni zake zilizokuwa zinaning'inia kwenye msumari, akaukunja waya wake taratibu, akaondoka kurudi kazini. Nami nilirudi Joubert Park nimefurahi. Nilipika ugali nikala na sukuma wiki, nikalala fofofo.

Ijumaa nilikuwa na kikao na msimamizi wangu wa tasnifu, mtu mfupi mwenye haraka, asiyependa maelezo. Alikuwa anapekua kiambatisho cha upimaji wa kwanza, kidole chake kikasimama.

"Hii dashi ni ya nini?"

Nikachungulia. Ilikuwa safu ya Jumapili. Jumatatu nambari, Jumanne nambari, mpaka Jumamosi nambari, Jumapili dashi. Wiki ya kwanza dashi, ya pili dashi, ya tatu dashi.

"Ni Jumapili," nikasema.

"Najua ni Jumapili. Nauliza kwa nini hamkupima."

Hatukupima kwa sababu tulikuwa kanisani. Tulikuwa watatu tuliopokezana kubeba kifaa cha kupimia: mimi, Mnigeria mmoja na Mmalawi mmoja wa maabara yetu, na wote watatu Jumapili tulikuwa kanisani kutoka asubuhi mpaka alasiri, kila mmoja kwao. Hakuna aliyekaa akaamua tusipime. Haikutupitia hata akilini kwamba Jumapili ni siku ya kazi. Tulichora dashi tukaendelea, na programu yangu ikajifunza kutoka kwenye jedwali lile kwamba chaneli ile haina mtu milele na milele. Watu watatu tunaoshika maikrofoni kanisani kila wiki! Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nasoma matangazo kwenye ushirika wetu wa Wakenya, nimeishika hivi mkononi, haina waya, na sijawahi kujiuliza inapita kwenye masafa gani.

Msimamizi akasema, "Rekebisha," akafungua ukurasa mwingine.

Jumamosi nilienda Malvern mapema. Nilimwomba mwangalizi wa jengo ufunguo wa ukumbi, nikamdanganya kwamba nimesahau chaja. Nikawasha vyombo, nikaweka maikrofoni moja juu ya kiti, simu yangu ikiimba mbele yake. Sauti ikatoka kwenye spika safi kabisa. Nikapanda juu ya paa nikakichomoa kisanduku kwenye umeme ili kihamie kwenye betri kama siku ya mgao, nikashuka, nikakaa kwenye benchi la mbele kungoja.

Ilichukua kama dakika kumi. Kisanduku kilisikiliza kidogo tu, hakikusikia sauti dhaifu ya maikrofoni iliyo chini ya mabati, kikasema moyoni mwake hapa hapana mtu, kikaanza kupeleka nambari zangu. Spika zikanguruma nikaruka kutoka kwenye benchi. Mngurumo mbaya, wa kukwaruza, unaingia mpaka kwenye meno. Nilizima kila kitu. Nikasimama katikati ya viti vitupu nikijitukana kwa Kikamba, lugha ya mama yangu, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Jumapili yenye umeme, kisanduku kinasikiliza kila sekunde, kinamsikia mchungaji, kinamwachia nafasi. Jumapili ya mgao kinabana betri, hakimsikii mtu. Papa wa sono aliniambia jambo hilohilo kwenye simu, kwa maneno machache kuliko haya.

Hapo ndipo nilipopaswa kuteremka Jules mpaka kwa mke wake, au kwenda kwa mchungaji. Nyumba ya mchungaji naijua, ni robot mbili tu, yaani taa mbili za barabarani, kutoka pale. Lakini zilikuwa zimebaki wiki saba. Ningesema, wangekitoa kisanduku siku hiyohiyo, na wangekuwa na haki. Mtu aliyesema uongo mbele ya wazee, kwa kujua au kwa kutojua, hapewi paa tena. Ningerudi Nairobi bila kitu, na mama yangu ameshawaambia watu wote kwamba mimi ni daktari. Nilikaa kwenye ngazi ya chuma na kompyuta. Nikaandika mistari minne ya programu: kila Jumapili, kutoka alfajiri mpaka usiku, nyamaza. Nikarudisha ufunguo.

Kesho yake umeme ulikatika saa nne na nusu. Maikrofoni hazikunguruma hata mara moja.

Mzee yule aliyecheka ndiye aliyenipigia simu jioni. "Dada, leo sauti ilikuwa safi, safi, safi! Kumbe shida ilikuwa ni papa. Umetusaidia sana."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Tumshukuru Mungu."

Jumapili saba sauti ikawa safi. Kila Jumapili iliyopita salama ilikuwa shahidi mpya dhidi yake, na mimi ndiye niliyekuwa nawaleta mashahidi hao mmoja mmoja. Nilimchukia zaidi katika wiki hizo kuliko nilipokuwa naamini amekosea. Nilikuwa namwona kwa mbali akitoka ibadani na mke wake, napita upande wa pili wa barabara, halafu nasonya. Namsonya yeye, kwa sababu gani, hata sijui. Ile mistari minne ikawa sura nzima ya tasnifu, na baadaye watahini wakaisifu kuliko sura nyingine zote. Waliandika kwamba mwandishi ameonyesha umakini wa pekee kwa mazingira ya watumiaji. Umakini! Nilipoisoma barua yao niliiweka chini ya godoro.

Lakini hiyo ilikuja baadaye. Siku niliyokitoa kisanduku juu ya paa, vipimo vyangu vyote vikiwa salama, nilienda kumtafuta. Sikuenda kwa wema. Nilienda kwa sababu sasa hakuna aliyeweza kuninyang'anya kitu, na nilitaka nimalizane na jambo hilo. Tena nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake. Nilikuwa nayangoja kwa hamu.

Nilimkuta kwenye geti analolinda, jua kali, amekaa kwenye kiti cha plastiki na daftari la wageni magotini. Akanipa kalamu nijiandikishe, akidhani nimekuja kumwona mtu ndani. Nikamwambia nimekuja kwake. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: dashi, Jumapili, betri, mngurumo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Rudilia."

Nikarudia.

"Haikuwa nyaya?"

"Hapana, baba."

"Wala ile meza?"

"Kila kitu chako kilikuwa sawa."

Akavua kofia, akaiweka juu ya daftari. "Miye niliamini," akasema. "Ile Jumapili ya kwanza nilikaa nyuma kabisa, nikasikia sauti iko safi. Ya pili, ya tatu, vilevile, nikajiambia, kumbe ni miye. Masikio imezeeka. Nyumbani nilikusanya fer, ile chuma ya kuchomea nyaya, na vipimo vyangu vyote vya kutoka Bukavu, nikavipelekea mutu anayetengeneza telefone kule Jules. Nikamwambia, chukua, miye sina kazi navyo tena."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono kunizuia, akatoa simu, akapiga, akaifungua spika. Nilisikia cherehani ikikimbia upande wa pili, na sauti ya mke wake ikiitika.

"Sema," akaniambia. "Mwambie mama yale umeniambia miye."

Nikasema mara ya tatu. Cherehani ilisimama katikati ya maneno yangu. Nilipomaliza mama hakulia wala hakunitukana.

"Weye ulijua tangu siku gani?"

Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema wiki iliyopita. Papa wa sono alikuwa anaangalia mdomo wangu.

"Tangu Jumamosi ile, mama. Kabla ya ile Jumapili ya kwanza."

Nikasikia mkasi ukiwekwa mezani.

"Ile Jumapili," akasema, "tulikuwa tunarudi kwa miguu, yeye bado anasema ni kisanduku, ni kisanduku. Na miye, bibi yake, nikamwambia: papa, tuache uongo, kazi imekushinda."

Mume wake alikuwa amekaa palepale, simu mkononi, anasikia kila neno. Gari likapiga honi nje. Akavaa kofia yake, akaenda kufungua geti.